Mwongozo Usio na Lalamiko

Binti yangu Ulfat alifanya kazi mwaka mzima na zaidi bila mshahara, akiwafanyia watu asiowajua, na mimi nikanyamaza. Wanaonijua watasema naongopa. Kweli, sikunyamaza. Nilimwambia asubuhi na jioni kwamba mtu aliyesomeshwa akaelimika haachi vyombo bila kuoshwa ili awaoshee watu wa Brazili.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kompyuta ina mfumo unaoiamsha na kuiendesha. Bila ya mfumo ni sanduku tu. Mifumo mingi inauzwa, na ghali. Lakini uko mmoja usiouzwa. Umetungwa na watu wa kujitolea, huyu yuko Brazili, yule Uhindi, kila mmoja katia chake, na anayeutaka anauchukua. Mume wangu, Ghanim, alipoelezwa alielewa mara moja.

"Kumbe ni kisima cha wakfu," alisema. "Anayepita anateka."

Ndivyo. Ila maelezo ya kisima hiki yote yalikuwa kwa Kiingereza, na Ulfat aliona vibaya kwamba watu wa Unguja wanasimama juu ya maji hawajui kamba iko wapi. Akajitolea kuandika mwongozo wa Kiswahili: namna ya kuiwasha kompyuta, kuandika barua, kuchapisha, kuhifadhi kazi kwenye diski. Wenye mradi kule ng'ambo wakamkubalia, na mwongozo wake ukawa unakwenda pamoja na mfumo, kila unapokwenda.

Hiyo ilikuwa mwaka elfu mbili na nne. Mwaka uliofuata jumuiya yetu ya akinamama ilipata msaada wa kompyuta kuukuu, tukaziweka katika chumba kimoja Kikwajuni. Zilikuja hazina kitu ndani, na Ulfat ndiye aliyezitia mfumo ule. Mimi nina stashahada ya uhazili. Asubuhi nilikuwa ofisini kwangu, alasiri nikifundisha kupiga chapa pale. Mwongozo ukatolewa nakala. Ukatoka Kikwajuni ukafika Darajani, ukafika Chukwani, mpaka mashamba ya serikali ya Kizimbani wakawa nao, sijui waliupata wapi.

Na ukasifiwa. Yarabi, ulisifiwa! Pandu, mwenye duka la fotokopi Darajani, alikuwa akiniona tu ananyanyua mikono. Mwalimu Mmanga, aliyemsomesha Ulfat hesabu na sasa anatungia mitihani yake kwenye kompyuta, alisema kitabu kama kile hakijapata kutokea Unguja tangu azaliwe. Na Bi Mwanapili, jirani yangu wa Mkunazini, mzaliwa wa Tumbatu, aliyejifunza kwangu akafungua biashara ya kadi za harusi, hakuwa akitaja jina la Ulfat bila kusema mashaallah mbele na nyuma.

Wote hao walikuwa wakija Kikwajuni alasiri, na mimi nikiwaandalia chai na bajia. Bajia zangu nazo zilikuwa na sifa zake. Kila mmoja alikuwa akila moja, anasifu, na nyingine anaifunga kwenye karatasi. "Hii nnampelekea mjukuu," atasema Bi Mwanapili. Mwalimu Mmanga naye anampelekea mjukuu. Hata Pandu, ambaye hajaoa.

Basi siku moja Ulfat akapata barua pepe. Iliandikwa na msimamizi wa nyaraka za mradi, mwanamke wa Finland aitwaye Marjatta. Ulfat aliisoma, akainuka, akaenda jikoni, akaanza kuosha vyombo. Nikajua kuna msiba.

"Kuna nini?"

"Wananiondoa, mama."

"Umekosa nini?"

"Sikukosa kitu. Ndiyo tatizo lenyewe."

Nikamwambia anisomee. Marjatta hakuwa na salamu wala hujambo. Aliandika kwamba mwongozo wa Kijerumani umeletewa malalamiko mamia katika mwaka mmoja, wa Kifaransa vivyo hivyo, hata wa Kiaislandi, na watu wenyewe ni wachache kuliko wakaazi wa Unguja. Mwongozo wa Kiswahili haukuletewa hata moja. Mwongozo ambao haulalamikiwi, alisema, ni mwongozo ambao hausomwi. Hawana nafasi ya kubeba kitu kisichosomwa, kwa hiyo kitaondolewa katika toleo lijalo, ila kama kabla ya mwisho wa mwezi atapata malalamiko ya kweli kutoka kwa watu wa kweli, kila moja na jina la mwenyewe.

Nitasema haki: nilimpenda yule mwanamke. Miaka mingi sikuwa nimesikia mtu anasema jambo moja kwa moja hivyo.

"Basi andika malalamiko," nilimwambia Ulfat. "Weka jina langu."

"Nilalamike nini, mama? Makosa ningeyajua ningeshayasahihisha."

"Labda hayamo."

Akanitazama kwa huruma. "Hakuna kitabu cha namna hii kisicho na makosa. Mie nimekaa mwaka mzima nikingojea mtu aniambie. Kila nikiuliza, mashaallah. Nimechoka na mashaallah." Akakigeuza kisahani alichokuwa ameshakiosha, akakiosha tena. "Wakiuondoa, mtu akiutia mfumo mpya atakuta Kiingereza kitupu. Itakuwa kama sikuandika."

Hapo sikusema habari ya vyombo. Nikavaa buibui nikatoka.

Nilianza kwa Pandu, Darajani. Duka lake ni dogo kiasi kwamba mteja anasimama nje na karatasi zinapitishwa dirishani.

"Pandu, nataka kasoro za mwongozo wa Ulfat."

"Kasoro?" Aliruka kama nimemtajia maiti. "Bi Jokha, kitabu kile hakina kasoro. Labda uzuri umezidi."

"Nambie kweli. Hatokasirika mtu."

"Wallahi kizuri. Muombee mtoto, Mungu amkinge na macho."

Lakini nilisimama pale kwa muda, na nikaona jambo. Mteja kaleta barua, Pandu kaipiga chapa, kaihifadhi kwenye diski. Kabla ya kuichomoa diski, akaichapisha barua nakala tatu, akaziweka chini ya jiwe. Mteja alitaka nakala moja.

"Hizo mbili za nani?"

"Za tahadhari," alisema, na uso wake akaugeuzia ukutani.

Nikapita shuleni kwa Mwalimu Mmanga. Nilimkuta yuko mbele ya kompyuta, kamaliza mtihani wa kidato cha pili, mkono wake uko juu ya diski, macho kayafumba, midomo inacheza. Akavuta pumzi. Akaichomoa.

"Mwalimu, ulikuwa unasoma nini?"

"Ah, nasoma tu, Bi Jokha. Diski za siku hizi hazina baraka."

"Zinapoteza kazi?"

"Mara nyingine." Akacheka kicheko kifupi. "Muhula uliopita nimetunga mtihani mmoja mara nne. Lakini si kitu, kila mara umekuwa bora."

"Na mwongozo unasemaje?"

"Mwongozo mzuri sana," alisema haraka. "Kazi ya fahari."

Kwa Bi Mwanapili sikuuliza habari ya mwongozo. Niliuliza habari ya diski. Akanionyesha: kila kadi ya harusi anaihifadhi kwenye diski mbili, moja ikifa nyingine ipo.

"Na zikifa zote mbili?"

"Hapo naandika upya. Wiki ile nimeandika upya usiku kucha, na bibi harusi mwenyewe yuko mlangoni analia."

"Umemwambia Ulfat?"

"Nimwambie nini? Mtoto wa watu kajitahidi, bure bilashi, halafu mie niende nimwambie kitabu chako kimeniliza bibi harusi? Haya sina?"

"Kwa hiyo kitabu ndicho kilichomliza?"

Akafunga mdomo. Alikuwa ameshateleza, na alijua. "Mkono wangu ndio mzito," alisema. "Hebu kunywa chai."

Nikarudi nyumbani nimewaka. Nikachukua mwongozo wenyewe, ambao mimi, na hili ni la kuchekesha, sikuwahi kuusoma. Ulfat alinifundisha kwa mkono, na darasani kwangu kazi zinabaki ndani ya kompyuta. Diski ni za wenye shughuli zao. Nikausoma ukurasa wa diski mara mbili nikaona uko sawasawa. Nikaona hapa sitoki bila ya wenye kuumia.

Ghanim alikuwa barazani na kahawa yake. Nikamweleza yote. Akasikiliza, kama anavyosikiliza kila kitu, kwa upole wa mtu ambaye hakusudii kufanya lolote.

"Watu hawawezi kumwambia, Jokha. Mtu akikufanyia wema, utamtia aibu?"

"Wewe vilevile? Fundi Borafya alipoharibu choo chetu, maji yakatoka kwa jirani wa chini, ulimwambia nini?"

"Nilimshukuru," alisema Ghanim. "Borafya tumekua pamoja. Babake na babangu walikuwa wanasali safu moja."

"Na yule fundi wa Dar es Salaam aliyekuja kukitengeneza choo hicho hicho?"

"Yule nilimfukuza." Akaweka kikombe chini. "Alichelewa nusu saa, na hata bisibisi yake sikuipenda."

Nikamtazama mume wangu. Miaka thelathini nimeishi naye, na mara chache amenipa wazo.

Mimi ni mtu wa kusema kweli. Mtu akinenepa namwambia, akikonda namwambia. Sikupata kusema uongo wa maana tangu nilipoolewa. Siku iliyofuata nilipita Darajani, nikapita shuleni, nikapita kwa jirani yangu, na kote nikasema uongo mmoja, kwa sauti ya chini, kama ninayetoa siri ya ndani.

"Unajua zile sura za diski na za kuchapisha? Ulfat hakuandika yeye. Alikuwa na homa. Zimeandikwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam."

Pandu alitoa kichwa chote dirishani. "Ndiyo maana!"

Mwalimu Mmanga alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilihisi," alisema. "Nilihisi tangu mwanzo."

Bi Mwanapili alikaa kitako. "Niletee huyo kijana," alisema.

Nikawaambia waje Kikwajuni Ijumaa baada ya sala, wanieleze kasoro zote, nimpelekee msimamizi. Wakasema watakuja. Walipokuwa wakialikwa kusifu walikuwa wakichelewa saa nzima. Ijumaa ile walifika kabla sijafungua mlango.

Chumba kile kina pazia linalotenga kompyuta na kistoo. Ulfat nilimkalisha nyuma ya pazia na karatasi na kalamu.

"Mama, wataniumbua."

"Ama wakuumbue wao leo, ama Marjatta mwisho wa mwezi. Andika kila neno. Usikohoe."

Nikagawa chai na bajia, nikasema, "Haya."

Sijapata kuona watu wamefurahi vile. Mwalimu Mmanga alisimama, kama yuko darasani.

"Ukurasa wa diski," alisema. "Hatua ya tano: toa diski. Hatua ya sita: iambie kompyuta iiachie diski. Sasa nakuulizeni, kitu nshakitoa, kiachiwe vipi? Nilivyofuata hatua ya tano, mtihani umepotea. Nikafuata tena kwa makini zaidi, umepotea kwa makini zaidi."

"Ni sawa na kumzika mtu halafu ndiyo umwoshe!" alisema Bi Mwanapili.

Kumbe ndilo kosa. Hatua mbili zimepishana. Baadaye Ulfat alinieleza kwamba kompyuta zile zinakwambia "nshaandika" kumbe bado hazijaandika. Zinaandika hasa pale unapoziambia ziiachie diski. Nikamwambia namjua karani wa namna hiyo ofisini kwetu. Lakini wakati ule nilikuwa nasikia tu kalamu inakwaruza nyuma ya pazia, na moyo wangu ukawa mwepesi. Lalamiko la kwanza limepatikana.

"Wengine?" nikasema.

"Mie!" Pandu aliinua mkono wenye bajia. "Sura ya kuchapisha. Anasema chagua mashine yako. Mashine yangu haimo! Zimo mashine za Kizungu zisizojulikana. Nilikaa siku mbili nikimtafuta mtu wa kumuuliza."

"Na Ulfat yupo hapa hapa mjini," nikasema.

"Ningemuulizaje, nami nilidhani ni kazi yake!"

"Huyu kijana hana adabu," alisema Mwalimu Mmanga. "Hakujaribu hata mara moja alichokiandika."

"Mvivu," alisema Pandu.

"Si mvivu tu." Bi Mwanapili aliniegemea, sauti yake imejaa huruma kwa ajili yangu. "Bi Jokha, mie sitaki kumsema mtoto wa mtu. Lakini huyu hakufunzwa. Mtoto anayefunzwa kwao anajua kwamba kitu kinaagwa kwanza ndiyo kinaondoka. Mamake alikuwa wapi?"

Kalamu nyuma ya pazia ilisimama.

"Sijui," nikasema. "Labda alikuwa kazini."

"Kazini! Hao ndio wanaotutia hasara. Wanawake wenye vyeti vyao, wanatoka asubuhi, wanarudi jioni, mtoto kalelewa na redio."

"Kula bajia, Mwanapili," nikamwambia.

Ningeyameza yote yale, maana kila neno lilikuwa mali. Lakini Pandu alikuwa ameshapata moto.

"Na jengine! Karatasi inatoka kichwa chini. Nimefuata maelezo yake neno kwa neno, barua ya mteja imetoka kichwa chini, mbele ya mteja mwenyewe!"

Pazia likafunguka.

"Kaka Pandu," alisema Ulfat, "unaitia karatasi kichwa chini weye! Kuna picha pale! Nimechora mshale!"

Pandu alimtazama Ulfat, akazitazama karatasi zilizo mkononi mwake, akalitazama pazia kama kwamba litamsaidia. Bi Mwanapili alijifunika uso kwa kanga.

"Kijana wa Dar es Salaam hayupo," nikasema. "Hakupata kuwepo."

Mwalimu Mmanga ndiye wa kwanza kupata ulimi. "Ulfat, mwanangu," alisema, "kazi nzuri sana. Mashaallah."

"Nzuri mno," alisema Pandu. "Mshale sikuuona kwa sababu ya uzuri."

"Hayo mengine tulikuwa tunazungumza tu," alisema Mwalimu. "Mazungumzo ya Ijumaa. Yachane hayo makaratasi, mwanangu. Yachane, yasitoke nje."

"Siwezi kuyapeleka kama hamkubali," alisema Ulfat. "Lazima yawe na majina yenu."

"Jina langu!" Bi Mwanapili alitoa uso nje ya kanga. "Likae kwenye mtandao, dunia nzima wasome Mwanapili wa Tumbatu kamkashifu mtoto wa jirani yake? Bora nife."

Wakaanza kuinuka. Viatu vilikuwa vinatafutwa mlangoni. Nami nikawa nimefungua mdomo, na nilichotaka kuwaambia kisingeweza kuandikwa, lakini Ulfat alinitangulia. Hakupiga kelele. Alimwendea Mwalimu Mmanga.

"Mwalimu, nilipokuwa kidato cha pili ulinitia wino mwekundu daftari zima. Uliandika 'Upuuzi' kwenye ukurasa wa kwanza. Unakumbuka?"

"Ile ilikuwa kazi yangu, Ulfat."

"Nililia, halafu nikapasi. Na hii ndiyo kazi yangu. Mumenisitiri mwaka mzima, nashukuru, lakini mwisho wa mwezi naondolewa, kwa sababu wenye mradi wanadhani hakuna aliyenisoma. Wewe umetunga mtihani mmoja mara nne kwa ajili yangu. Kaka Pandu anachapisha mara tatu. Bi Mwanapili ananunua diski mbili mbili. Hakuna mwongozo uliosomwa kama wangu duniani, na hakuna anayejua." Akamnyooshea kalamu. Ilikuwa nyekundu, sikujua kama aliichagua makusudi au ndiyo iliyokuwepo kistooni. "Nakuomba, Mwalimu."

Mwalimu Mmanga aliitazama ile kalamu. Alikuwa na kiatu kimoja mguuni.

"Neno 'Upuuzi' sitaandika," alisema.

"Andika unavyotaka."

"Na nitatanguliza salamu. Siwezi kumwandikia mtu kosa lake bila salamu, hata huko Finland."

Akavua kiatu, akarudi, akakaa. Pandu, kwa kuwa alikuwa amezuiliwa na Mwalimu mlangoni, akarudi naye. Bi Mwanapili alibaki amesimama, anapigana na nafsi yake.

"Weye hukunikasirikia?" alimuuliza Ulfat.

"Umenipa maneno mazuri kuliko yangu. Kitu kinaagwa kwanza ndiyo kinaondoka. Nnataka kulitia neno hilo kwenye mwongozo."

"Langu mie? Kwenye kitabu?"

"Lako."

Bi Mwanapili akakaa. "Basi na mie niandike," alisema. "Lakini kwa heshima."

Wakaandika. Mwalimu Mmanga alianza kwa Bismillahi, akamuulizia Marjatta hali yake na ya aila yake na ya nchi yake, akamsifu Ulfat na wazee wake, akaomba radhi mapema kwa litakalofuata, na mwishoni kabisa, baada ya "ila kuna jambo dogo sana", akaitaja hatua ya tano na ya sita. Bi Mwanapili alimuombea mwandishi maisha marefu na mume mwema, halafu bibi harusi aliyelia, halafu mume mwema tena. Pandu aliandika habari ya mashine ya kuchapisha na akaongeza kwamba mshale upo, kosa ni lake, na mshale wenyewe ni mzuri. Jumapili wakawaleta wenzao, maana habari ilishaenea kwamba mwenye kosa hakasiriki na chai ipo. Wa Kizimbani walituma ya kwao kwa gari la karafuu. Humo tukagundua mengine ambayo hata sisi hatukuyadhania.

Ulfat akayatuma yote kabla mwezi haujaisha. Siku zile hakuosha kitu, na mimi nikaosha.

Jibu lilipokuja, Marjatta hakuwa na salamu wala hujambo. Mwongozo wa Kiswahili utabaki, aliandika, na marekebisho yatiwe katika toleo lijalo. Alimtafuta mtu wa kule anayejua Kiswahili amsomee malalamiko, na yule mtu alichukua muda mrefu, akamwambia kwamba mojawapo, la saba, amelisoma lote na hakuliona kosa, ameona dua tu. Marjatta akaomba kwamba siku nyingine kosa liwekwe juu, na dua, zikiwa ni za lazima, ziwekwe chini.

Ulfat alimjibu, kwa heshima na salamu nyingi, kwamba hilo haliwezekani.

Hatua ya tano na ya sita zikabadilishana nafasi, na chini yake ikatiwa sentensi ya Bi Mwanapili. Mitihani ya Mwalimu Mmanga haipotei tena, ingawa kabla ya kuchomoa diski bado anafumba macho. Anasema imekuwa mazoea. Pandu bado anachapisha nakala tatu. Za tahadhari.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilijiona nimewafundisha watu wa mji huu kusema kweli, na katika wiki zile nilitembea Mkunazini kama mtu aliyejenga msikiti.

Ijumaa moja Bi Mwanapili alibisha hodi, kashika sahani yangu aliyokuwa amekaa nayo tangu siku ile ya malalamiko. Ilikuwa imefunikwa. Kwetu sahani hairudi tupu, kwa hiyo sikushangaa. Akaingia, akakaa, akaulizia afya yangu, ya Ghanim, ya Ulfat, ya mguu wangu ulioteguka mwaka juzi. Akausifu mlango wangu. Akaniombea Hija.

"Mwanapili," nikasema, "kuna nini?"

"Hakuna kitu, Bi Jokha. Nzuri tu." Akashusha pumzi. "Ila kuna jambo dogo sana."

Akaifunua sahani. Ilikuwa na bajia, laini, zimetuna, zinanukia dania. Si zangu.

"Za kwako," alisema, na hakuthubutu kunitazama, "zinavunja meno. Mjukuu wangu hajapata kula hata moja. Tunampa mbuzi. Sasa hivi mbuzi naye anazikataa."

Nilisimama. Maneno yalikuja mengi, yote makali, yote tayari, na la kwanza lilikuwa kuhusu mbuzi. Ghanim, barazani, aliacha kunywa kahawa yake. Miaka thelathini mume wangu alikuwa akisema bajia zangu hazina mfano, na sasa niliona anayatazama majani ya mkungu wa jirani kwa bidii ambayo mkungu haukustahiki.

Nikakaa. Nikachukua bajia moja ya Mwanapili, nikaitafuna, nikaimeza. Halafu nikavuta karatasi ya Ulfat iliyokuwa mezani, na kalamu yake nyekundu.

"Haya," nikamwambia. "Kosa liko hatua ya ngapi?"